Netta na koti la kuvaliwa kwa mkono mmoja

Saa tatu asubuhi, mvua ya mji wa Forfar, Uskoti, inapiga kioo cha duka, na Netta Guthrie amepiga magoti sakafuni, pini nne mdomoni. Mbele yake amesimama fundi bomba mmoja mnene, mwenye kilti ya kijani, ile sketi ya marinda ya wanaume wa huko, na koti la suti alilokuja nalo kutoka nyumbani. Alitaka kuokoa pauni tisini za kukodi.

Netta anatoa pini mdomoni, moja moja, anazichomeka kwenye bega la blauzi yake.

"Geuka ujitazame," anamwambia. "Marinda yote umeyafunika. Unafanana na mtu aliyekuwa anaoga, akaitwa mlangoni."

Fundi bomba anajitazama kwenye kioo. Anacheka, analivua.

Koti la kilti hukatwa fupi, liishie kiunoni, ili marinda yaonekane nyuma na mkoba wa ngozi unaoning'inia kiunoni uonekane mbele. Kila mwaka, anasema Netta, wanaume wa mji huu husahau jambo hilo wakati wa harusi, na kila mwaka hulikumbuka wakiwa mbele ya kioo chake.

Netta ana miaka sitini na mmoja. Ujana wake aliumalizia kushona magunia kiwandani, hata kiwanda kikafungwa, ndipo akaingia duka hili la kukodisha mavazi ya heshima. Huu ni mwaka wa thelathini na nne. Analipwa pauni kumi na tatu kwa saa, siku nne kwa wiki. Goti la kulia limeshapasuliwa, la kushoto linangoja zamu.

"Daktari aliniambia niache kupiga magoti," anasema. "Nikamuuliza, pindo nilipimie wapi, darini?"

Mteja akiingia, Netta hamuulizi saizi. Anauliza mambo mawili: shughuli ni saa ngapi, na mikono yako itafanya kazi gani siku hiyo?

Saa anaiuliza kwa sababu koti la jioni ni jeusi, la vifungo vya fedha, na huvaliwa na kizibao cha kubana na tai ya kipepeo. La mchana ni la sufu, lina mifuko, na tai yake ni ya kawaida. Mikono anaiuliza kwa sababu mpiga zumari anataka kwapa pana, na atakayeshika kamba ya kuteremshia jeneza hataki koti linalokaza mgongoni.

"Wanakuja na picha kwenye simu," anasema. "Picha ya nini? Ninyanyulie mkono nione."

Saa nne unusu mlango unafunguliwa. Anaingia Wattie Cargill, mchunga kondoo mstaafu wa miaka sabini na miwili, na binti yake Rhona anayeolewa Jumamosi, saa saba mchana. Mwezi wa pili Wattie alipatwa na kiharusi, na mkono wa kushoto haujarudi sawasawa. Rhona ameshaagiza makoti sita meusi ya jioni, ya wanaume wote wa ukoo, ili picha zilingane.

"Karibu, Wattie. Kondoo hawajambo?"

"Kondoo wazima. Mchungaji ndiye mbovu."

Anaingia nyuma ya pazia na kilti, koti jeusi na kizibao chake cha vifungo vitatu. Dakika zinapita. Kiwiko kinagonga ukuta. Rhona hawezi kuvumilia, anaingia.

"Toka!"

"Baba, nakusaidia tu."

"Nimesema toka!"

Wattie mwenyewe ndiye anayetoka, koti likining'inia bega moja, uso umemwiva.

"Nipe suruali yangu na sweta langu," anasema. "Nitakaa viti vya nyuma. Mjomba wako atakusindikiza kwa padri."

"Mjomba ndiye baba yangu?" Sauti ya Rhona inakatika. "Nitakuvalisha asubuhi, dakika mbili tu. Nani atajua?"

"Mimi nitajua. Tangu nikiwa na miaka mitatu sijavalishwa na mtu. Siku ya kukutoa wewe ndiyo nianze?"

Netta anakwenda stoo, anarudi na koti la sufu la mchana, la kijivu, rangi ya vigae vilivyolowa. Ni koti la zamani, lilikuwa karibu kuondolewa. Analigeuza ndani nje na kuishika bitana.

"Gusa hapa. Inateleza, si ndiyo? Mkono mgonjwa utangulie, uteleze wenyewe. Kisha ulizungushe koti mgongoni kwa mkono mzima. Kifungo ni kimoja, kikubwa."

"Na kizibao?" anauliza Rhona.

"Saa saba mchana kizibao cha nini? Ungeniuliza mimi kabla ya kuagiza, mngegombana?"

Wattie anarudi nyuma ya pazia. Koti linaanguka. Linafuata tusi moja la machungani. Rhona ananyanyuka.

"Wewe, njoo unishikie hizi pini," Netta anamwambia.

"Pini gani, Mama Netta? Mikono yako mitupu."

"Basi shika hewa."

Wanangoja. Mvua inapungua. Mara ya pili koti halianguki, na pazia linasogea.

Wattie amelivaa. Kifungo kimefungwa. Ila ukosi umekunjika ndani upande mmoja, na mkono wa Rhona unakwenda wenyewe kuuweka sawa.

"Mwache," anasema Netta. "Kioo kipo."

Wattie anakitazama kioo. Anaguna. Anautoa ukosi kwa vidole vya mkono wa kulia, taratibu, kisha anautia ule wa kushoto mfukoni, unatulia humo.

"Watano weusi, mmoja kijivu," Rhona anasema chini chini. "Picha zitakuwaje?"

"Zitakuwa za kondoo watano weusi na mchungaji wao," anajibu baba yake.

Rhona anacheka huku anafuta macho. "Haya, Baba. Kijivu."

Kwa kawaida makoti hutoka Alhamisi. Hili Netta analifunga leo, Jumanne, ili mzee akajizoeze nyumbani.

Wakishaondoka, anaeleza mpango wake. Anataka kuyachukua makoti sita ya zamani, ayatie bitana ya kuteleza, ayapanue kwapa na kuyawekea kifungo kimoja kimoja. Amemwomba mwenye duka ufito mmoja wa kuyatundikia, karibu na dirisha. Mwenye duka ameuliza wateja wako wapi.

"Wako majumbani," anasema Netta. "Wanasema wana mafua, kumbe ni vifungo."

Jumamosi ni siku ya kazi, lakini kanisa liko ng'ambo ya barabara na saa saba ndiyo saa yake ya kula. Atatoka na pai lake la nyama, asimame upande huu wa njia. Gauni la bibi harusi hana haja nalo.

"Nitatazama bega la kushoto," anasema. "Mtu akivalishwa, koti hukaa sawa pande zote mbili. Akilivaa mwenyewe kwa mkono mmoja, bega moja hubaki nyuma kidogo, kama upana wa kidole."

Anafuta chaki mikononi.

"Kazi yangu yote ni makoti yakae sawa. Jumamosi naomba nilione moja limepinda."