Kopo la Mvua la Newala

Kwetu Newala maji hayamwagwi. Tulikuwa tukishuka bondeni alfajiri na kupanda na mitungi kichwani jua likichoma, na ukijikwaa njiani utasimangwa hadi msimu ujao.

Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha, na Mjerumani mmoja wa bomani alitaka kujua mvua inanyesha kiasi gani katika kila kijiji. Akatafuta raia wa kumpimia. Wanaume walikataa; baada ya vita vile, nani angetaka kuonekana na maji ya serikali? Mimi nikasema leteni. Nilikuwa mke mpya, mdomo sina breki, na nilipenda sana kuaminiwa kazi.

Nikapewa kopo la bati na gilasi yenye mistari. Kila asubuhi nimimine maji ya kopo kwenye gilasi, nihesabu mistari, kisha nifunge mafundo idadi ile ile kwenye kamba, kama tulivyozoea kuhesabu siku za msafiri. Kila siku na kamba yake. Nikafanya barabara. Nikishapima nayarudisha maji koponi, maana ni ya serikali, na maji hayamwagwi.

Baada ya nusu mwezi Mjerumani akarudi na mkalimani, mtu wa pwani mwenye maringo. Mkalimani akazitazama kamba, akacheka.

"Hata siku za jua kali zina mvua? Bibi, unamdanganya Bwana Mkubwa. Kopo tunalichukua, na mumeo atakula viboko."

Mume wangu akainamisha kichwa. Mimi nikapandwa na hasira. Mwongo, mimi?

"Mwambie ahesabu tena," nikasema. "Maji siyamwagi, nayarudisha. Ikinyesha, mafundo yanaongezeka. Likiwaka jua, yanapungua moja, pengine mawili, kwa kuwa jua nalo linakunywa. Mwongo angepunguza ili iweje?"

Mjerumani akachuchumaa, akazipanga kamba mchangani, akatoa mafundo ya kila siku kwenye ya siku iliyofuata. Kisha akaanza kutabasamu. Mkalimani akatafsiri shingo upande: nimempimia mvua, na juu yake nimempimia kiu ya jua, ambayo hakunituma.

Kopo likabaki kwangu. Ila akaagiza, tangu kesho nikishapima nimwage.

"Nimesikia," nikajibu.

Kesho yake ikanyesha mafundo kumi na mawili. Nikapima, nikafunga kamba, nikamwaga ndani ya chungu cha uji. Mume wangu akanywa mvua ya serikali, na mgongo wake mzima, bila hata kiboko kimoja.