Picha za Siku ya Mahari Ninazo, Niliwaambia Zimepotea

Admin, jina langu lifiche kabisa, Uvira tunajuana na huyu muntu ninayemsema anafuata ukurasa huu. Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na nane, naishi mtaa wa Kilibula, kazi yangu ni kupiga picha za harusi.

Kazi nilijifunza kwa patron mmoja, bosi mwenye studio. Miaka miwili nilimbebea taa, kisha akawa ananituma peke yangu na picha zangu anazibandika mtandaoni kwa jina lake. Nilivumilia. Nilipopata kamera yangu nikaanza kujitegemea, akapita kwa wamama wa korali ya kanisani kwetu: "Yule mumuchunge. Anapiga picha mabibi harusi wakivaa, kisha anaonyesha wanaume." Uongo mtupu! Harusi tatu zilinikataa wiki moja. Mama yangu aliacha korali kwa aibu.

Mwaka huu patron akaoa binti wa kijiji cha Bwegera. Shangazi ya binti, asiyejua lolote, akaniita nipige picha siku ya mahari. Patron aliponiona alikauka, lakini mbele ya wakwe angesema nini? Baba ya binti, mkulima wa mpunga, alimvika bintiye kofia yake, akacheka mpaka machozi. Niliipata ile picha.

Nilipofika nyumbani hasira ikanipanda. Nikawaambia wenye sherehe kadi ya kamera imeharibika, picha zote zimepotea. Binti alilia sana. Mimi nilifurahi.

Wiki tatu baadaye yule baba akafariki. Juu ya jeneza waliweka picha ya kadi ya uchaguzi, wameikuza mpaka uso hautambuliki. Binti akaja kwangu. "Yaya, dada yangu, hakuna hata moja yenye ilibakia? Simu za wageni zilimupata mugongo tu."

Moyo ulinichoma. Lakini nilimwacha aondoke mikono mitupu. Nilimpigia bwana yake.

"Picha ziko," nikamwambia. "Weye enda kwa wamama wa korali, useme ulinisingizia. Siku ileile nitazitoa zote."

Akajibu, "Heri zipotee. Na bibi yangu usimuambie kitu."

Jamani! Mke wake anamlilia baba kila siku, na yeye anajua!

Jumamosi wanamaliza matanga. Ile picha ya kofia nimeitoa kubwa, nimeitia fremu. Nataka niingie nayo katikati ya watu, nimkabidhi binti, niseme kila kitu: nililofanya mimi na alilojibu bwana yake. Najua nitajichoma mwenyewe, watasema kumbe patron alisema kweli, huyu anafichaka picha za watu. Na binti ana mimba. Dada yangu ananiambia nimpelekee kimya, niseme fundi amefufua kadi. Lakini hapo huyu mwanaume atakuwa ameponyoka tena, atakaa kando ya picha yangu akipokea pole za watu!

Msiniambie nisamehe, huko sijafika. Niseme mbele ya watu wote, ama nimpe binti kimya? Nishaurini ndugu zangu, Jumamosi ni kesho kutwa.