Baridi Ina Ua

Glavu za sufu zikilowa kisha zikaanikwa juu ya hita, hutoa harufu ya mbuzi aliyenyeshewa. Harufu hiyo ikinipata, hata darasani katikati ya hesabu, narudi palepale: Champlin, mji wa theluji huku ughaibuni, nina miaka sita, na Nyanya anataka kwenda kwao.

Nyanya, mama yake Mama, alitoka Voi, ambako jua halina adabu, akatua kwetu Januari. Aliyekata tiketi ni Baba, na mpaka leo hatujamsamehe. Kila asubuhi Nyanya alifunua pazia, akaitazama theluji, akasema, "Baridi hii inaua."

Sasa nikwambie, Kiswahili changu cha siku hizo kilikuwa kama soksi zangu: nusu ilikuwa imepotea. Lakini "ua" nililijua vizuri, Mama alinifundisha kwa maua ya kitambaa cha meza. Kwa hiyo mimi nilisikia: baridi hii ina ua. Nikashangaa. Mbona sijaliona?

Jioni moja nikamsikia akimwambia Mama, "Ardhi yenyewe imekuwa jiwe. Mtu akifa hapa mnachimba na nini? Jumamosi nirudisheni kwangu." Nilidaka mawili tu: kuchimba, na kwamba Jumamosi anaondoka. Basi. Nikimchimbia lile ua, atabaki.

Kesho yake nikatoka nyuma ya nyumba na mwiko wa ugali. Nilichimba mpaka glavu zikawa maji. Nikapata nyasi zilizokufa, mpira wangu wa kiangazi, na kitu ambacho mbwa wa jirani alikiacha kabla theluji haijaanguka. Ua, hakuna. Nikaangua kilio. Nyanya akatoka, mara yake ya kwanza tangu afike, amezama ndani ya koti la Baba.

"We mtoto! Mwiko unafanya nini huko?"

"Natafuta ua la baridi! Si ulisema liko?"

Akanitazama. Akamtazama Mama, aliyesimama mlangoni na sare yake ya kazi. Hakuna aliyecheka. Mama akachukua funguo za gari.

Akatupeleka Saint Paul, kwenye jumba la vioo linamooteshwa maua majira yote. Nje theluji ya magoti, ndani joto la jikoni. Miwani ya Nyanya ikaingia ukungu. Akavua sweta, akavua ya pili, akavua ya tatu, mlinzi akaanza kutukazia macho. Maua mekundu, ya manjano, ya waridi! Nikarukaruka nikipiga kelele, "Baridi ina ua! Baridi ina ua!" Angekuwepo Mswahili mwingine mle, angeita polisi.

Nyanya alikuwa amesimama mbele ya maua ya zambarau, mepesi kama karatasi. "Ua hili," akanong'ona, "ndilo limejaa kwenye ua wangu."

Ua kwenye ua? Sikujua kuwa hata uzio wa nyumba ni ua. Lugha gani hii? Nikamvuta mkono. "Lakini ni kweli, Nyanya? Baridi ina ua?"

Akaniinamia. Kisha, polepole: "Ndiyo, mjukuu wangu. Ina... ua."

Jumamosi ikapita, sanduku liko chini ya kitanda. Alikaa mpaka theluji ikayeyuka.

Miaka yote nilidhani alilikata lile neno kwa sababu mimi ni mzito wa kuelewa. Mpaka juzijuzi, nimeshaota ndevu zangu tatu, nikamsikia Mama akilalamika kwenye simu kwamba baridi inaua, na safari hii nikalielewa lote, pamoja na lile swali la kuchimba. Nyanya alikuwa akiogopa kufia hapa.

Siku ile alisikia maneno yote mawili, lake na langu. Akachagua langu.