Msimu wa besiboli Toronto ulivyoniweka sebuleni na binti yangu, na kitu ambacho mpaka leo sijakielewa

Wakuu, heshima kwenu wote humu ndani.

Hili limenikaa kifuani muda mrefu. Atakayesema ni chai, kwamba natunga, shauri yake. Mimi naandika kilichonipata, nimebadilisha majina tu.

Nilitua Toronto mwezi wa pili, mwaka 2015.

Mke wangu alinitangulia miaka sita kabla, akiwa na binti yetu wa pekee, tumwite Anitha. Aliondoka Morogoro ana miaka saba. Namkuta airport ana kumi na tatu, kamzidi mama yake urefu.

Akanipa mkono. Mkono, wakuu, kama anamsalimia mgeni wa kanisani.

Tulikuwa tunaishi North York, ghorofa ya kumi na moja. Kiswahili anakisikia chote, ila kujibu ni Kiingereza. Shule vipi mwanangu? "It's fine." Chakula je? "It's fine." Nikimaliza maswali mawili nabaki natazama dirisha, nje barafu tupu.

Kitu kimoja tu kilikuwa kinamfungua mdomo: besiboli. Timu ya mji ikicheza, yule mtoto anaongea na TV, anaigombeza, anaibembeleza. Nikajisemea, baba, mlango ndio huu.

Sasa wakuu, ule mchezo sikuuelewa. Siwadanganyi.

Watu wamesimama tu. Mmoja anatema mate, mwingine anashika kofia. Mpira unarushwa, hakuna aliyeupiga, watu wanashangilia. Unapigwa mbali kweli kweli, watu wananuna.

Kazini, kwenye ghala la mikate ambako nilikuwa naingia alfajiri na kutoka saa nane mchana, kulikuwa na Mkenya mmoja, Kamau. Nikamuomba anifafanulie.

"Buda, si ni kama rounders tu? Unagonga, unahepa."

Nikabeba elimu hiyo mpaka nyumbani. Nikamwambia Anitha kumbe mchezo wenyewe ni kama rede ya watoto wa kwetu, unapiga unakimbia. Akanitazama kama nimetukana.

"No," akasema, akaongeza sauti ya TV.

Kuanzia Aprili mpaka Julai timu ilikuwa haieleweki kama mimi. Leo inashinda, kesho inachapwa. Na wanacheza karibu kila siku! Mimi nimezoea ligi yetu, mechi moja kwa wiki na maneno ya siku sita.

Mwishoni mwa Julai ikasajili wachezaji wa maana. Hapo sasa nikapata pa kushika, maana usajili Mtanzania gani haujui?

"Huyu mrushaji mpya ataisaidia timu?" nikauliza.

Anitha akageuka. Akaongea dakika kumi mfululizo, mikono hewani. Sikuelewa hata robo. Nilitikisa kichwa kama mzee wa baraza, na furaha niliyokuwa nayo siwezi kuieleza.

Agosti timu ikawa inashinda tu. Mji mzima ukavaa bluu, kwenye treni, kanisani, mpaka kina mama wa kwaya. Nami kila mechi nipo kwenye kochi, Anitha chini kwenye zulia.

Ila kuna kitu kilikuwa kinanichanganya. Timu ikishinda anageuka, ananichekea. Halafu ghafla, kama mtu aliyekumbuka jambo, anakunja uso. Anainuka, anaingia chumbani.

Nikamuuliza mke wangu, "Huyu mtoto nimemkosea nini?"

"Mpe muda, baba Anitha. Ni umri tu."

Oktoba ikafika. Timu ikaingia hatua ya mtoano kwa mara ya kwanza baada ya miaka zaidi ya ishirini. Ikafika mechi ya tano, ya kuamua nani anasonga mbele na nani anaenda nyumbani. Ilianza alasiri. Mke wangu yuko kazini, tupo wawili tu.

Awamu ya saba kati ya tisa, matokeo sare. Mdakaji wetu, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, anamrudishia mrushaji wake mpira, kitu cha kawaida kabisa, kinafanyika mara mia kwa siku. Mpira ukagonga gongo la mpigaji wa wageni, ukaenda pembeni. Mgeni aliyekuwa kituo cha tatu akakimbilia kituo cha mwisho, akapata pointi.

Mwamuzi akaonyesha haihesabiki. Waamuzi wakakutana, wakajadiliana. Ikahesabiwa! Uwanja ukalipuka, watu wakaanza kurusha makopo. Mchezo ukasimama.

"Anitha, kimetokea nini?"

"I don't know!"

Hata watangazaji walikuwa hawajui. Nikageuka kumtazama, mtoto analia. Machozi kabisa.

"Mwanangu, ni mpira tu."

Hapo nilikosea. Akasimama. Akaanza Kiingereza, kikamkwama, akahamia Kiswahili chake cha kuvunjika.

"Sio mpira! Hapa nobody ananiambia kitu. Makaratasi yako yalitoka. Mimi niliona barua. Nilikuwa na nine years. Mama alinipa form nimsaidie kujaza, barua ilikuwa ndani ya file. Hukuwa unangoja makaratasi. You just didn't come."

Wakuu, barua hiyo ilikuwepo.

Ni kweli. Viza ilitoka miaka minne kabla. Wiki hiyo hiyo mama yangu akapata kiharusi, na mimi ndiye mtoto wake pekee. Nikabaki Morogoro. Viza ikaisha muda wake. Nilipomzika mama ndipo tukaanza upya. Mimi na mke wangu tulikubaliana kumwambia mtoto kuwa makaratasi yamechelewa. Tulidhani tunamkinga.

Nikamweleza yote hayo, TV inawaka, wazungu wanaokota makopo.

Akaniuliza, "So ulichagua Bibi?"

Ningeweza kuzungukazunguka. Sijui nini kilinizuia.

"Ndiyo. Nilimchagua bibi yako. Nilikuwa namlisha kwa kijiko, nikimaliza natazama picha yako. Na tukakudanganya. Hilo ni kosa letu, halikuwa lako."

Akafuta uso kwa mkono wa jezi.

"Okay," akasema.

Okay gani? Nimekusamehe? Nimesikia? Niache? Sikuuliza. Akakaa ukingoni mwa kochi, mimi upande wa pili.

Mchezo ukaendelea. Sasa zamu ya wageni kuchanganyikiwa: mpira rahisi wakaukosea mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Tukasawazisha. Halafu mpigaji wetu mmoja, mwenye ndevu, akaupiga mpira ukaenda mbali kabisa, pointi tatu kwa mpigo. Akalitupa gongo hewani.

Jengo zima likapiga kelele. Jirani alikuwa anagonga sufuria kibarazani.

Anitha akanirukia shingoni. Miwani yangu ikaenda zake. TV ikarudia lile pigo mara tatu na mtoto hajaachia. Mikono yangu ilikuwa inaning'inia tu, mpaka nikakumbuka na mimi nina ruhusa ya kumkumbatia.

Jioni mke wangu aliporudi tulikaa watatu, tukamwomba Anitha radhi. Alisikiliza, halafu akaomba kuona picha za bibi. Alizitazama moja moja.

Timu ilitolewa hatua iliyofuata. Msimu ukaishia hapo.

Nilichojifunza: mtoto ukimficha jambo, pengo analijaza mwenyewe, na anachojazia ni kibaya kuliko ukweli wako. Yeye alijazia kwamba hatakiwi. Miaka minne alilala na hilo, nasi tunamtumia salamu za sikukuu.

Leo ni mtu mzima, anafanya kazi mji mwingine, tunaongea vizuri. Lakini kuna swali sijawahi kumuuliza, naogopa jibu.

Mlio na watoto wakubwa, hasa mlioko nje, nipeni maoni, hata ya kunisema nayapokea: lile kumbatio lilikuwa la kwangu, au lilikuwa la besiboli?