Meja Aliyelia Kurudishwa Nyumbani

Nimeona wanajeshi wakilia kwa kupelekwa mpakani.

Sikuwa nimewahi kuona anayelia kwa kurudishwa nyumbani. Mpaka ilipofika zamu ya ndugu yangu Kiema.

Kiema ni meja wa jeshi. Sisi ni watu wa Kathiani, na kwetu meja si mchezo. Akija likizo, hata walevi wa sokoni wananyoosha migongo.

Siku hiyo tulikuwa uani tunapura maharagwe, mimi, yeye na mkewe Mbithe. Simu yake ikalia. Akasimama wima kama yuko gwaride.

"Ndiyo, Afande. Nimeelewa, Afande."

Akairudisha mfukoni polepole.

"Nimehamishwa," akasema. "Ofisi ya magari, Nairobi. Naweza kuwa nalala hapa."

Mimi nikapiga vigelegele. Mbithe akaendelea kupura.

Kiema akaenda bafuni, akajifungia, akafungua mfereji. Lakini mfereji wa Kathiani hauna nguvu ya kuficha mtu mzima anayelia. Tulimsikia sisi wote wawili.

Aiya! Nikajiuliza, mwanamume gani huyu?

Ni lazima uelewe. Kiema alikuwa anaongoza kombania nzima, askari zaidi ya mia, kwa kambi moja kule karibu na mpaka wa Somalia. Joto, vumbi, na mabomu ya kutegwa barabarani. Muda wake ukiisha, anarudishwa huko huko tena.

Tukimuuliza, jibu lilikuwa moja: "Jeshi haliulizi mtu. Ukiambiwa enda, unaenda."

Tulimwonea huruma. Kanisani aliombewa mpaka jina lake likazoeleka kama amina.

Alipotoka bafuni macho yalikuwa mekundu.

"Ni nani amepewa askari wako?" nikamuuliza.

Akataja jina kama mtu anayetema mbegu ya ndimu. "Abdiaziz."

Abdiaziz ni mtoto wa Mzee Shire, yule anayeuza ng'ombe Machakos mjini. Walisoma darasa moja na Kiema, wakaingia jeshi pamoja, vyeo vyao vikapanda vikifuatana kama mapacha. Harusi ya Kiema, Abdiaziz ndiye alisimama kando yake.

"Amenizunguka," Kiema akasema. "Mwenye kombania ndiye hupanda kuwa luteni kanali. Wa ofisi ya magari anazeekea hapo. Abdiaziz anajua hivyo vizuri."

Akachukua funguo za gari. Nilivyomuona uso, nikaingia gari bila kualikwa.

Njia nzima alikuwa anaongea na usukani. Ati Abdiaziz alikuwa na wivu tangu darasani. Ati siku Kiema aliposifiwa mbele ya majenerali, Abdiaziz alipiga makofi mawili tu akaacha. Mambo ya miaka kumi iliyopita! Kumbe alikuwa ameyaweka yote.

Tulimkuta Abdiaziz kwa baba yake, naye yuko likizo. Mzee Shire akatukaribisha chai ya maziwa. Kiema hakukaa.

"Umefurahi sasa?" akamwambia Abdiaziz. "Umeninyang'anya watu wangu. Ungeniambia tu unanionea wivu, ningekuachia!"

Mzee Shire akaweka birika chini. Nilitamani sakafu inimeze.

Abdiaziz hakupandisha sauti.

"Kiema, nenda chumba cha pili umsalimie Farhia. Mke wangu amejifungua juzi. Unadhani mtu mwenye mtoto wa juzi anaomba mpakani?"

"Si umepewa!"

"Mimi niliomba Mombasa. Waliponiambia naenda kuchukua watu wako nilikataa. Nikasema hao ni wa Kiema, muacheni nao, mwenyewe anapapenda mpakani, kila akiulizwa anaomba huko. Wakaniambia haiwezekani. Familia yako imekuja kuomba urudi."

"Familia gani?"

Abdiaziz akaniangalia mimi. Nikatikisa kichwa. Sikuwa najua makao makuu ya jeshi yana mlango upande gani.

Lakini neno moja lilikuwa limeniingia kama mwiba. *Kila akiulizwa.*

"Kwani mnaulizwa?" nikamuuliza ndugu yangu.

Akaangalia ile chai.

Tukarudi Kathiani. Mbithe alikuwa jikoni anapika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe. Alituona, akapunguza moto, akafuta mikono. Alikuwa anatungoja.

"Ni wewe?" Kiema akauliza.

"Ni mimi."

Hivyo tu.

Akasema alikuwa ameenda kwa mkutano wa wake wa maofisa. Wakiwa wanakunywa chai, mmoja akajisifu kwamba bwana yake aliomba Nanyuki na akapata. Mbithe akashangaa. Akauliza, kwani wanaomba? Wale wanawake wakacheka. Wakamwambia kila ofisa huulizwa anataka kituo gani. Si lazima apewe, lakini anaulizwa.

"Nikarudi nyumbani nikihesabu," Mbithe akasema. "Mtoto wetu wa kwanza akizaliwa, ulikuwa huko. Mwaitu, mama yangu, akizikwa, ulikuwa huko. Nikikuuliza unasema serikali imekutuma. Kumbe ulijituma."

"Kwa hivyo ukafikiria niko na mwanamke?"

"Nilitafuta huyo mwanamke mpaka nikachoka. Nilipiga simu kwa bibi za askari wako. Nilimpata hadi Raho, mama anayewauzia maziwa kambini. Akacheka, akaniambia, 'Dada, huyo bwana yako hata haangalii mtu. Anaangalia askari wake tu, nani amekula, nani ana homa.'"

Hapo ndipo sauti yake ilivunjika.

"Kiema, ningeomba Mungu iwe mwanamke! Mwanamke ningeenda nipigane naye. Sasa nitapigana na kombania? Ndiyo maana nikaenda makao makuu kuomba urudishwe. Unajua homa ya askari mia na hujui mtoto wako ana pumu."

Nikatoka nje. Kuna maneno si ya kusikizwa na wifi.

Baadaye Kiema aliniambia alikuwa na siku chache za kurekebisha mambo, arudishiwe kombania. Kanali anayepanga vituo alikuwa tayari kumsikiza, na Abdiaziz alikuwa tayari kumuunga mkono. Simu moja tu.

Alikaa na hiyo simu mkononi karibu na zizi, asubuhi nzima. Ndani mtoto alikuwa anakohoa.

Hakupiga.

Abdiaziz akaenda mpakani. Mwaka uliofuata akapandishwa cheo. Kiema alihudhuria sherehe, akapiga saluti, na safari hii yeye mwenyewe ndiye alipiga makofi mawili akaacha. Aliniambia kofi la tatu lilikataa. Anampenda rafiki yake, lakini wivu ni kama kiungulia, haukuombi ruhusa.

Nyumbani, Mbithe alikuwa ameshinda. Ama ndivyo tulidhani.

Jumamosi moja Farhia alikuja Kathiani amembeba mtoto wake mgongoni. Tukamtolea maembe, tukacheka, tukaongea. Kiema alikuwa uani amemwinua mwanawe juu ya mabega, wanachuma mapapai. Farhia akawaangalia muda mrefu mpaka kicheko kikamuisha.

"Mbithe," akasema, "ulipoenda kumwombea bwana yako arudi, uliuliza nani atapelekwa mahali pake?"

Mbithe akaacha kumenya embe.

"Wangu hajui mtoto wake ana meno. Si kwamba nimekukasirikia, dada yangu. Nakuonea wivu tu."

Akamfunga mtoto vizuri, akaaga. Mbithe alimsindikiza hadi barabarani, na huko nikawaona wameshikana mikono.

Siku hizi Mbithe hufunga safari ya Machakos kila wiki, anakaa na mtoto wa Farhia ili mwenzake apate kupumzika. Hajaambiwa na mtu.

Wewe unayesoma hapa, kama kazini wanakuuliza na nyumbani unasema hukuulizwa, jua hivi: siku moja mtu wako atakuchagulia. Na mwenye wivu akichagua, kwanza hutazama nani arudi. Nani ataondoka, hiyo hujulikana baadaye.