Posho ya Ushindi

Dada yangu alimaliza stashahada ya tiba ya viungo mwaka jana, na kazi yake ya kwanza akaipata kwenye timu moja ya mpira hapa Dodoma. Wachezaji walimwita dokta. Mshahara hakuwa nao. Meneja alimwambia kila anayeanza huanza na posho, na posho hutoka timu ikishinda. Ikifungwa au ikitoka sare, anarudi nyumbani na asante.

Jumamosi ile nilimbebea ndoo ya barafu. Mimi niko kidato cha tatu na mbele ya watu wengi naona haya, kwa hiyo nilikaa mwisho wa benchi nikijifanya napanga chupa za maji. Tulikuwa tunaongoza moja bila. Nyumbani gesi ilikuwa imeisha tangu Alhamisi, na dada alisema jioni ataijaza.

Zikiwa zimebaki kama dakika kumi na tano, beki wetu wa kati aligongana vichwa na mpinzani. Dada akakimbia, nami nikamfuata na ndoo. Tulimkuta amekaa kwenye vumbi anacheka.

"Dokta, nipulizie dawa tu niendelee."

"Leo tunacheza na nani?"

Akataja timu ya wiki iliyopita.

Nikamwona dada anatazama ubao wa matokeo. Kocha alikuwa anafoka pembeni kwamba mtu akiweza kusimama anaweza kucheza. Nikisema ukweli, mimi niliomba Mungu dada amwache. Nilifikiria gesi. Kichwa cha yule kaka sikukifikiria hata kidogo.

Dada akainua mikono akaizungusha, kuomba mabadiliko.

Wapinzani walisawazisha kwa kona, mpira ukapita palepale ambapo beki wetu angesimama. Mechi ikaisha hivyo. Hakuna aliyemsemesha dada, isipokuwa meneja aliyepita akisema leo bao tumefungwa na dokta. Wenzake wakacheka. Nilitaka tuondoke haraka, lakini dada akamfuata hadi kwenye gari.

"Mzee, samahani. Leo nilisita."

"Ulisita nini, na mtu umemtoa?"

"Nilijua hapohapo hawezi kuendelea, lakini nikatazama ubao kwanza. Nilifikiria posho. Nipe mshahara, hata mdogo, tushinde tufungwe. La sivyo tafuteni mwingine."

Meneja akamwambia wako wengi wanaofanya bure ili wapate uzoefu. Dada akamwambia basi waje, akampa funguo za kabati la dawa. Wakati huohuo tukasikia mtu anatapika nyuma ya gari. Alikuwa yule beki, ameshika ukuta.

Meneja alimtazama, kisha akamrudishia dada funguo.

"Laki mbili na nusu kwa mwezi. Ingizeni huyu kwenye gari."

"Niandikie," dada akasema, huku tayari amemshika beki mkono.

Ujumbe wa meneja wenye kiasi cha mshahara uliingia tukiwa njiani kwenda hospitali. Simu ya dada niliishika mimi. Dada hakuiomba hadi wauguzi walipompokea yule kaka.