Asubuhi Baba Aliposhusha Vibuyu

Nimezurura miji mingi, lakini nikisikia harufu ya tembo la mnazi likianza kuchacha, nafika uani kwetu Tezo, asubuhi ile baada ya baba kubatizwa.

Baba alikuwa mgema. Siku hiyo alipanda minazi yetu yote, akashusha vibuyu, akamwaga tembo mchangani. Wateja walikuwa wameshaketi kwenye benchi, wanamtazama.

"Mwenzetu, hata Yesu alitengeneza divai harusini!" mmoja akamtania.

"Basi mkamwombe yeye," baba akajibu. Wakacheka, wakaenda zao.

Mama hakucheka. Mnazi ukiachwa kugemwa hukaa karibu mwaka kabla nazi zake hazijakomaa, nasi hatukuwa na riziki nyingine.

"Baba watoto, mwaka mzima tutakula wokovu kwa chumvi?"



Jioni baba alikula sima peke yake kwenye benchi lile la wanaume. Hakuna rafiki aliyekuja. Mama alimtazama sana kutoka mlangoni, kisha akatoka na sahani yake mwenyewe, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

"Sogea," akamwambia. "Kama ni njaa, tuianze pamoja."